Alan Turing: mutu wa hesabu aliyekimbia ili kichwa kipumuzike

Kila mutu mwenye kushika telefone mu mukono anabeba sehemu ya kazi ya Alan Turing, hata kama hajawahi kusikia jina lake. Yeye njo alieleza, mu mwaka wa 1936, namna masini moja tu inaweza kufanya hesabu za kila aina, ikiwa inapewa maagizo yanayofaa. Ordinatere zote za leo zinatembea ku njia hiyo. Kisha, wakati wa vita ya pili ya dunia, yeye na wenzake walifungua siri za jeshi la maji la Ujerumani. Juu ya mambo hayo mawili, jina lake linafundishwa mu iniversite za dunia yote.

Lakini kuko upande mwingine wa maisha yake, ambao unaelezwa kidogo. Turing hakuwa mutu wa kukaa paka mbele ya masini na karatasi. Alikuwa anakimbia mbio ndefu, anapanda kinga, anacheza eshek, anachanganya kemia mu nyumba yake, anahesabu mistari ya maua na ya matunda ya miti. Mu mwaka wa 1947 alimaliza maratoni kwa saa 2, dakika 46 na segonde 3. Hata leo, watu wengi wenye kufanya mazoezi kila juma hawafikie wakati huo. Hakuna aliyemulipa. Alikimbia kwa kupenda, na kwa kuhitaji pia.

Ukifuata maisha yake utaona kwamba mambo ambayo mutu anafanya kisha kazi si kupoteza wakati. Kwake Turing, mara moja yalizaa wazo kubwa, mara ingine yalimusaidia kubeba muzigo wa kazi. Na ku mwisho, moja kati ya ile michezo yake njo imefanya kifo chake kibakie na swali mpaka sasa.

Mutoto aliyeacha mupira na kuangalia maua

Alan Mathison Turing alizaliwa ku London tarehe 23 mwezi wa 6, 1912. Baba yake, Julius, alikuwa mufanyakazi wa serikali ya kikoloni ya Waingereza kule India. Mama yake, Ethel Sara, alikuwa anamufuata bwana yake. Kwa hiyo Alan na kaka yake John walibaki Uingereza, wakalelewa na bwana na bibi wazee, mu muji mumoja wa pembeni ya bahari. Wazazi walikuwa wanakuja na kurudi. Mutoto alizoea mapema kujitafutia mambo ya kumufurahisha.

Ku masomo hakupenda michezo ya mupira. Kuko mufano wa picha ambayo mama yake alichora: watoto wengine wanakimbilia mupira wa oki, naye Alan ameinama pembeni, anaangalia namna maua madogo yanaota mu majani. Mama yake alichora kwa kuchekesha, lakini picha ile ilisema kweli. Miaka 30 kisha, Turing aliandika hesabu za kueleza namna viumbe vinapata sura na madoa yao, na namna majani ya ua yanajipanga.

Akiwa mutu mukubwa, alikuwa anacheka kwamba ile michezo ya masomo ilimufundisha kitu kimoja tu: kukimbia mbio kusudi mupira usimufikie. Ulikuwa muchezo wa maneno, lakini mulikuwamo kweli kidogo. Miguu yake ilikuwa miguu ya mutu wa kukimbia peke yake, si ya kukimbia mu ekipe.

Karibu kilometre 100 juu ya kinga

Mu mwezi wa 5 wa 1926, Alan alikuwa na miaka 13, na alipaswa kuanza masomo ku Sherborne, internat moja ya watoto wanaume kusini ya Uingereza. Alishuka mu mashua ku bandari ya Southampton, akitoka Ufaransa ambako wazazi wake walikuwa wanaishi. Kumbe ile wiki wafanyakazi wa inchi yote walikuwa wamefanya greve. Hakuna treni, hakuna bisi.

Mutoto mwingine angengojea ao angerudi. Yeye alikuwa na kinga yake. Alianza kukanyaga kuelekea Sherborne, umbali wa karibu kilometre 97. Usiku alilala mu hoteli ndogo ya njiani, na kesho yake akafika. Habari ile ilizunguka masomo yote, na gazeti moja la eneo lile liliiandika. Mugeni mwenye haya, mwenye wino ku vidole na shati isiyopangwa vizuri, alipata heshima yake ya kwanza kwa sababu ya kinga.

Ku Sherborne njo alikutana na Christopher Morcom, kijana mwenye akili sana aliyependa nyota, kemia na hesabu kama yeye. Walifanya majaribio, walipimana kwa hesabu, walitazama mbingu. Kwa mara ya kwanza Alan hakuwa peke yake mu mambo aliyoyapenda. Lakini mu mwezi wa 2 wa 1930, Christopher alikufa na kifua kikuu, kilichotokana na maziwa ya ngombe mugonjwa aliyoyakunywa akiwa mutoto. Alan aliumia sana. Alijiambia kwamba sasa anapaswa kutumika kwa ajili ya wawili, ili kazi ambayo rafiki yake hakumaliza isipotee.

Wazo lililozaliwa mu majani

Mu 1931 Turing aliingia King's College, ku iniversite ya Cambridge. Kule alipiga makasia mu mashua za college yake, na alianza kukimbia mbio ndefu peke yake, kisha ya saa sita, akifuata njia za pembeni ya muto. Mara zingine alikuwa anaenda upande wa Ely, muji wenye kanisa kubwa, mbali kabisa na chumba chake. Hakuwa na mwalimu wa mbio, na hakuna mutu aliyemupimia wakati. Alikuwa anatoka, anakimbia, anarudi.

Wakati huo kichwa chake kilikuwa na swali moja. Wanahesabu wakubwa, nyuma ya Mujerumani David Hilbert, walikuwa wanajiuliza kama kuko njia moja ya kufuata hatua kwa hatua, bila kutumia akili ingine, ili kujua kama sentensi yoyote ya hesabu inaweza kuhakikishwa ao hapana. Wengi walitafuta jibu mu vitabu. Turing alijiuliza swali ambalo linaonekana kuwa la kitoto: kufuata hatua maana yake nini? Mutu anafanya nini kabisa wakati anapiga hesabu?

Siku moja ya jua, mu 1935, kisha kukimbia, alilala mu majani ya Grantchester, kijiji kilicho pembeni ya Cambridge. Pale, akipumuzika, aliona njia. Alifikiria masini yenye kusoma alama moja moja ku mukanda murefu wa karatasi. Inasoma alama, inaandika ingine ao inafuta, inasogea hatua moja, inafuata agizo lenye kufuata. Masini ile haikujengwa kwa chuma, ilikuwa ya mu kichwa tu. Lakini kwa kutumia ile masini, Turing alionyesha kwamba njia ambayo Hilbert alikuwa anatafuta haiwezi kupatikana. Tena alionyesha kwamba masini moja inaweza kuiga masini zote zingine, kama inaandikiwa maagizo yao ku ule mukanda. Leo tunaita maagizo hayo programu.

Alikuwa na miaka 23 tu. Hakuna mutu anaweza kusema kwamba mbio njo zilileta lile wazo. Miaka ya kusoma njo ililileta. Lakini lilimukuta mahali ambapo mwili umechoka na kichwa kimefunguka, si mu biro.

Kinga yenye cheni mubaya

Tarehe 4 mwezi wa 9, 1939, siku moja kisha Uingereza kutangaza vita, Turing alifika Bletchley Park, nyumba kubwa ya mashambani kaskazini ya London. Pale leta ya Uingereza ilikusanya watu wa hesabu, wa luga na wa eshek ili wasome barua za siri za Wajerumani. Barua hizo zilifungwa kwa masini iliyoitwa Enigma. Kila mara mutu alipobonyeza herufi, magurudumu ya ndani yalizunguka, na ile herufi ilitoka ikiwa ingine. Wajerumani walikuwa wanabadilisha mupango wa masini kila siku.

Wanahesabu wa Poland walikuwa wametangulia: walifungua Enigma mbele ya vita, na wakawapa Waingereza na Wafaransa siri yao. Turing alitoka pale akachora masini kubwa iliyoitwa Bombe. Mwenzake Gordon Welchman aliiongezea nguvu. Bombe ya kwanza ilianza kazi mu mwezi wa 3 wa 1940. Kazi ya Turing mwenyewe ilikuwa Enigma ya jeshi la maji, ile iliyokuwa nguvu kupita zingine. Mashua za Wajerumani zenye kutembea chini ya maji zilikuwa zinazamisha mashua zenye kuletea Uingereza chakula na mafuta. Kila barua iliyosomwa kwa wakati iliweza kuokoa watu mu bahari.

Hata chini ya muzigo huo, Turing alibaki mutu wa michezo yake. Alikuwa analala mu hoteli ndogo ya kijiji cha Shenley Brook End, na anaenda ku kazi na kinga. Cheni ya ile kinga ilikuwa inatoka. Mutu mwingine angeipeleka ku fundi. Turing alianza kuhesabu, na akagundua kwamba inatoka kila mara kisha hesabu ileile ya mizunguko. Kwa hiyo alikuwa anakanyaga akihesabu, na kisha, mbele tu cheni itoke, anasimama na kuirekebisha. Watu walimuona kama kichaa kidogo. Lakini kinga ile ilikuwa Enigma ndogo: magurudumu yanazunguka, na kosa linarudi kwa mupango. Mutu mwenye kuzoea kutafuta mupango hawezi kuacha hata akiwa njiani.

Mu mwezi wa 6, maua yalipomwanga unga wao mu hewa, alikuwa anapiga chafya bila mwisho. Basi alikuwa anavaa maski ya gazi, ile ya vita, akipanda kinga. Kikombe chake cha chai alikifunga na munyororo ku bomba la kupasha nyumba joto, ili kisiibiwe. Tena, akiogopa kwamba feza za Uingereza zitapoteza bei kama Wajerumani wanaingia, alinunua vipande viwili vizito vya feza nyeupe, ile ya kutengenezea pete, akavizika mu pori. Kisha vita alivitafuta mara kazaa, hata kwa kifaa alichotengeneza mwenyewe cha kusikia chuma chini ya udongo. Havikuonekana hata siku moja. Mutu aliyefungua siri za Ujerumani alishindwa na siri aliyoifunga yeye mwenyewe.

Usiku, kisha kazi, kulikuwa eshek. Bletchley ilikuwa na wachezaji wakubwa, kama Hugh Alexander, bingwa wa Uingereza. Turing alipenda sana ule muchezo lakini hakuwa mukali. Alitengeneza vipande vyake kwa udongo, akavichoma mu chumba chake cha hoteli. Alicheza na Joan Clarke, mwanamuke wa hesabu aliyetumika naye mu biro moja. Mu 1941 walichumbiana, na mu mwaka uleule Turing alivunja uchumba. Alikuwa amemwambia Joan mapema kwamba yeye ni mutu wa kupenda wanaume. Walibaki marafiki.

Alileta pia eshek ya namna yake: ukisogeza kipande, unatoka inje, unakimbia kuzunguka nyumba. Kama unarudi mbele mwenzako hajasogeza chake, unapata haki ya kucheza tena. Mwenye akili mingi na miguu mizito alikuwa anateseka.

Walton: mutu aliyesikiwa mbele ya kuonekana

Vita ilipokwisha, Turing alipata kazi ku Teddington, pembeni ya London, mu laboratwari ya taifa ya fizikia. Mu mwanzo wa 1946 alikuwa amemaliza mupango wa ordinatere moja ambayo iliitwa ACE. Mupango ulikuwa wazi, karibu kila kitu kilikuwa kwenye karatasi. Lakini kujenga hakukuanza. Biro ilingojea biro, mukubwa alingojea mukubwa. Wenye kujua kazi ya siri aliyoifanya wakati wa vita walikuwa wachache, na yeye hakuwa na ruhusa ya kuwaelezea wengine namna anajua kwamba masini kama hizo zinawezekana. Miezi ilipita.

Katika miezi ile njo alikimbia kuliko wakati wote. Alikuwa anatoka Teddington kwenda mikutano ku Dollis Hill, upande mwingine wa London, kwa miguu yake, wakati wenzake wanapanda bisi na treni. Siku moja wakimbiaji wa kilabu cha Walton walikuwa mu mazoezi, mutu mumoja akawapita. Hawakumujua. Walimusikia mbele ya kumuona, sababu alikuwa anapumua kwa sauti nzito, kama mutu mwenye kubeba gunia. Walimuuliza anakimbilia kilabu gani. Hakuwa na kilabu. Wakamualika, naye akaingia, na haikukawia akawa mukimbiaji wao muzuri kuliko wote.

Sekretere wa kilabu alimuuliza siku moja juu ya nini anajitesa namna ile mu mazoezi. Jibu la Turing, namna yule sekretere alilisimulia kisha miaka, lilikuwa rahisi: kazi yake inamubana sana mu kichwa, na njia moja tu ya kuisahau ni kukimbia kwa nguvu yote. Hakueleza ni kazi gani. Watu wa Walton walijua kwamba anatumika na masini fulani, basi. Kwao alikuwa mwenzao wa kukimbia mu matope, asiye na kiburi, mwenye kuchekesha.

Mu mwezi wa 8 wa 1947 alienda Loughborough ku maratoni ya shirika la wakimbiaji wa Uingereza. Mashindano hayo yalikuwa na uzito, juu Michezo ya Olimpiki ilikuwa inakuja London mu 1948, na pale watu walikuwa wanatafutwa. Bingwa alikuwa Jack Holden. Turing alikuwa wa tano. Kilometre 42 na metre 195 alizimaliza kwa mwendo wa zaidi ya kilometre 15 kila saa. Alikuwa na miaka 35, na mbio zilikuwa si kazi yake.

Mwaka uliofuata, ku Olimpiki, Delfo Cabrera wa Argentina alishinda kwa saa 2 dakika 34 na zaidi kidogo. Mubeleji Etienne Gailly aliingia wa kwanza mu uwanja, lakini nguvu zilikuwa zimemuisha, akapitwa na Cabrera na Muingereza Tom Richards, akawa wa tatu. Ukilinganisha, wakati wa Turing wa Loughborough ulikuwa nyuma ya ule wa Richards kwa dakika 11 tu. Lakini Turing hakuwa pale. Kila inchi ilikuwa na haki ya watu watatu, na mbele ya ile siku jeraha ya mguu ilikuwa imemuzuia kuendelea na mashindano makubwa. Hakuacha kukimbia. Aliacha tu kutafuta ushindi.

Kujenga ACE kulikawia vilevile. Turing alichoka kungojea, na mu 1948 alihamia Manchester. Wakati ACE ndogo ya kujaribia ilianza kutumika, mu 1950, yeye alikuwa mbali.

Ordinatere ya karatasi na chumba cha kemia

Ku Manchester alikuwa na ordinatere ya kweli mbele yake, moja kati ya za kwanza mu dunia. Lakini michezo yake ilikuwa inatangulia masini. Yeye na rafiki yake David Champernowne waliandika maagizo ya kucheza eshek. Kwa kuwa hakukuwa ordinatere yenye kuweza kuyafuata, Turing alifanya kazi ya ordinatere yeye mwenyewe. Mu 1952 alicheza na Alick Glennie, kijana wa kazi, akifuata maagizo yake moja moja ku karatasi. Kila hatua ilimukamata karibu nusu saa. Ile programu ilishindwa kisha hatua 29. Haikumusumbua. Mutu asiyejua sana eshek alikuwa ameonyesha njia ambayo masini zilifuata kisha, mpaka siku zilipowapiga mabingwa.

Mu 1950 alinunua nyumba ku Wilmslow, inje ya muji. Kule alikuwa anakimbia mu njia za mashamba, na anaokota matunda ya misonobari na maua ya alizeti ili ahesabu mistari yao. Mu 1952 alitoa andiko lake juu ya namna viumbe vinapata sura. Mutoto wa mu picha ya mama yake alikuwa amerudi ku maua yake, sasa akiwa na hesabu ku mukono.

Mu nyumba ileile alipanga chumba kidogo kwa kemia. Muchezo wake aliuita kisiwa: kutengeneza dawa za kemia kwa kutumia paka vitu vya kawaida vya mu nyumba, kama mutu aliyetupwa peke yake mu kisiwa. Alipenda pia kupaka vijiko zahabu kwa nguvu ya umeme, na zahabu aliitoa ku saa ya zamani ya babu yake. Kwa kazi hiyo watu wanatumia sianidi, sumu kali. Mama yake alikuwa anamujua namna hajichunge. Kila mara alimukumbusha kunawa mikono na kutoweka vidole mu kinywa.

Tribinali

Mu mwanzo wa 1952 nyumba yake iliibiwa. Turing alienda polisi mwenyewe. Mu ulizo lao, polisi walijua kwamba alikuwa na uhusiano wa mapenzi na kijana mwanaume wa miaka 19, na kwamba mwizi alikuwa mutu wa kujuana na yule kijana. Mapenzi ya wanaume wawili yalikuwa kosa mu sheria ya Uingereza ya wakati ule, hata kama yalifanywa kwa kukubaliana na ndani ya nyumba. Turing hakukana. Tarehe 31 mwezi wa 3, 1952, tribinali ilimupa kuchagua: kufungwa, ao kuchungwa inje na kukubali dawa ya kuua tamaa za mwili. Alichagua dawa.

Kwa mwaka muzima walimupa homoni za kike. Ule mwili uliokimbia maratoni ulianza kubadilika, kifua kikaota kama cha mwanamuke. Leta ilimuondolea ruhusa ya kazi za siri, yeye aliyekuwa amebeba siri kubwa za vita bila kutoa hata moja. Ku tribinali hakuweza hata kujitetea kwa kutaja kile alichofanyia inchi yake, sababu mambo ya Bletchley yalibaki yamefungwa mpaka miaka ya 1970.

Alivumilia kwa kuchekesha marafiki mu barua, aliendelea na kazi, alisafiri Norvège na kisiwa cha Corfu. Dawa ilikwisha mu 1953.

Tarehe 8 mwezi wa 6, 1954, mwanamuke aliyemutumikia mu nyumba alimukuta amekufa ku kitanda. Alikuwa amekufa siku moja mbele, akiwa na miaka 41. Pembeni kulikuwa tunda la pomme lililoumwa, ambalo hakuna aliyelipima. Mwili ulikuwa na sianidi. Ulizo la leta lilisema alijiua. Mama yake hakukubali mpaka kufa kwake. Yeye alisema ni ajali: ile sumu ya chumba cha kemia, ile mikono isiyonawiwa. Wenye kumusikiliza wanakumbusha kwamba Turing alikuwa ameacha ku biro liste ya kazi za kufanya kisha siku za pumuziko. Wenye kufuata ulizo wanakumbusha yale miaka miwili ilimufanyia. Chumba cha muchezo wake kilikuwa na jibu, lakini hakuna aliyeliuliza vizuri ile siku.

Yaliyobaki

Kuanzia 1966, zawadi kubwa kuliko zote ya watu wa ordinatere inaitwa kwa jina lake. Mu 2009 waziri mukuu wa Uingereza aliomba musamaha kwa jina la serikali. Mu mwezi wa 12 wa 2013 malkia alimupa musamaha wa kisheria, na kisha, mu 2017, sheria ilifungua njia hiyo kwa wanaume wengine waliohukumiwa kama yeye. Tangu tarehe 23 mwezi wa 6, 2021, siku ambayo angetimiza miaka 109, sura yake iko ku noti ya livre 50.

Ile noti inaonyesha hesabu zake na masini zake. Haionyeshe kinga yenye cheni mubaya, wala eshek ya udongo, wala mutu mwenye kupumua kwa nguvu mu barabara ya matope pembeni ya Walton. Lakini wale waliokimbia naye hawakungoja siri za vita zifunguliwe ili wamuheshimu. Walimupenda kwa sababu alikuwa anakuja ku mazoezi, mvua inyeshe ao jua liwake, anakimbia mpaka mwisho, na kisha anabaki kucheka nao.